Radhi ya Chiriku

1

Mzee Kiyungi alikohoa, na wote wanne mle sebuleni wakajiweka sawa, vilevile walivyokuwa wakijiweka sawa enzi za uhai wake akikohoa mlangoni. Arobaini yake ilikuwa imesomwa jana. Sufuria za kukodi zilikuwa bado zimeegemezwa ukutani zikimsubiri mwenyewe, na harufu ya pilau ilikuwa haijatoka kwenye mapazia. Leo ilikuwa zamu ya wasia.

Kikohozi kilitoka kwa Chiriku, kioo chembamba kilichobandikwa juu ya kabati la vyombo. Chiriku alikuwa kwenye kila nyumba ya Tabora siku hizo, na Urambo, na Nzega, na kote kulikofika umeme. Alipiga muziki, akaonyesha picha, akasoma Kurani kwa sauti ya msomaji umtakaye, na hakudai hata senti. Mzee mwenyewe ndiye aliyerekodi wasia wake humo, kabla ulimi haujamkatalia.

"Mirathi yangu igawiwe kisharia," alisema marehemu kwa sauti iliyokwaruza. "Msigombane. Mizinga ya Sikonge mwachieni Mrisho aiangalie, nyinyi nyuki hamuwawezi. Nyumba hii isiuzwe maadamu mama yenu yumo. Doto, punguza hasira. Shija, wewe... uwe unakuja nyumbani. Na mke wangu..."

Hapo akakohoa tena, kikohozi kirefu cha kutoka chini kabisa. Kikafuata kimya kidogo, kisha akaendelea.

"Na mke wangu, kuna jambo nimeshindwa kumtamkia. Siku ulimi ukinikatalia na maumivu yakanizidi, nikimtazama, ajue namwomba dawa nilale. Akinipa, amenipa kwa radhi yangu. Asiulizwe na mtu."

Chiriku akanyamaza. Taa yake ndogo ya kijani ikabaki inawaka.

Shija, kitinda mimba wa nyumba ile, ndiye peke yake aliyeisikia tofauti. Kabla ya kile kikohozi baba yake alikuwa akivuta pumzi kwa taabu kila baada ya maneno mawili matatu. Baada ya kikohozi hakuvuta pumzi hata mara moja. Shija alikuwa mfanyakazi wa kampuni iliyomtengeneza Chiriku, huko Dodoma, na baridi ilimpita mgongoni kabla akili haijamwambia kwa nini.

"Mama," alisema Doto. "Ulimpa?"

Doto alikuwa dada yake Shija, pacha aliyebaki baada ya Kulwa kufariki wangali wachanga. Alikuwa amesimama. Hakuna aliyemwona akisimama.

Bi Nyamizi, mjane, alikuwa chini kwenye mkeka ndani ya nguo zake za eda. Hakulia. Alijifunika uso kwa ncha ya mtandio, na alipoufunua, ulikuwa umelegea kama wa mtu aliyeshushwa mzigo kichwani.

"Nilimpa," alisema. "Alfajiri ile. Alikuwa ananitazama, hawezi kusema. Nikampa dawa yote ya maumivu iliyokuwamo ndani."

"Ini jipya lilikuwa njiani."

"Mawili ya kwanza yalikufa mwilini mwake, Doto. Hukuuona uso wake."

"La tatu lilikuwa zima." Doto hakupaza sauti, na ingekuwa nafuu kama angepaza. "Limeoteshwa kwa damu yake mwenyewe. Nililipakata kwenye treni kutoka Mwanza, mama, nililipakata. Madaktari walikuwa wamenawa mikono wananisubiri. Nikashuka stesheni nikaambiwa baba hayupo. Mlipokwenda kuzika, mimi nilikuwa nyuma yenu na lile sanduku la baridi mikononi, kwa sababu sikujua niliweke wapi."

Shija alikumbuka kuliona lile sanduku makaburini, na kufikiri kwamba dada yake amebeba maji ya kunywa.

Baba mdogo Mrisho, mdogo wake marehemu, ndiye aliyesema, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na haki ya kusema.

"Basi, wanangu," alisema. "Jambo ni zito, silipunguzi uzito. Lakini mwenyewe ameshasema. Ameona mbele kuliko sisi, amemtoa mkewe lawamani kwa kinywa chake. Sisi ni nani tumrudishe? Sheria mnaijua. Wasia wa sauti husikilizwa mara mbili, leo sisi wa ndani, kisha mbele ya shahidi wa nje. Nikitoka msikitini alasiri nitapitia kwa mwenyekiti wa mtaa nije naye. Akiusikia akaweka jina lake, tumemaliza."

"Sawa," alisema Doto. "Nikiyasikia maneno hayohayo mbele ya mwenyekiti, nitayameza. Nitakaa nayo moyoni mpaka nife. Lakini mama sikufichi. Baba asingeyasema haya, saa hizi ningekuwa kituoni kwa polisi."

"Najua, mwanangu," alisema Bi Nyamizi.

Doto akatoka uani. Walisikia akigeuza ndoo na kuikalia, pale chini ya tangi la maji.

2

Watu wa Dodoma walipomwachia Chiriku duniani bure, walimwachia na visanduku vyake vya mipangilio karibu vyote vimeshatiwa tiki. Mwenye kumpakua alionyeshwa kitufe kimoja kikubwa cha rangi ya chungwa kilichoandikwa *Anza kufurahia*, na chini yake, kwa maandishi ya kijivu ya kutafutwa kwa tochi, *au chagua mwenyewe*. Nani alitaka kuchagua mwenyewe? Watu walikuwa na harusi za kupigia muziki.

Mzee Kiyungi alibonyeza la chungwa kama wenzake wote. Alikuwa amerithi kanda za muziki wa dansi za babu yake, za bendi ambayo hata jina lake lilikuwa limeshasahauliwa, na kuvu ilikuwa imezila nusu. Wimbo ulianza vizuri, gitaa likaitika, halafu katikati ya ubeti ukakatika. Maisha yake yote mzee alikuwa akiujua nusu wimbo. Chiriku akaja, akasikiliza hiyo nusu, akaumalizia. Aliumalizia kwa sauti ya mwimbaji yuleyule na gitaa lilelile, maana kimojawapo cha visanduku vile kiliitwa *Endeleza*, na kazi yake ilikuwa kuhakikisha hakuna kitu kinachokatika mbele ya mteja.

Mara ya kwanza mzee alicheka mpaka akajipiga mapaja. Chiriku aliposikia kicheko akawasha taa ya njano na kutangaza, kwa ile sauti yake ya mhudumu wa hoteli, "Imekugusa. Nimehifadhi." Hicho nacho kilikuwa kisanduku. Mtu akicheka kwa sauti, au akilia, kile kilichomchekesha au kumliza kiliwekwa muhuri kikawa ndicho chenyewe, na kile cha zamani kilifutwa kuokoa nafasi. Kama hakuna aliyecheka wala kulia, Chiriku alikitupa alichobuni, na safari nyingine alibuni kipya. Kwa mtindo huo kanda za babu ziliisha moja baada ya nyingine. Zilibaki nyimbo nzima nzuri ambazo hakuna mtu aliyewahi kuzipiga.

Shija aliliona hilo likizo moja, akanyoosha mkono aingie kwenye mipangilio. "Usinigusie ndege wangu," mzee alimwambia. Shija akauteremsha mkono. Kule kazini kwake hakukuwa na mfanyakazi hata mmoja aliyemwacha Chiriku wa nyumbani kwake na tiki alizozaliwa nazo. Mtu akiajiriwa leo, wenyeji walimwonyesha kwanza jinsi ya kuzitoa, halafu ndiyo wakamwonyesha choo. Lilikuwa jambo la kuchekea wakati wa chai. Shija naye alikuwa amelichekea, mara nyingi tu.

Sasa alisimama mbele ya kabati la vyombo akitazama juu. Baba yake aliishia kwenye "na mke wangu". Kikohozi kilimkata kauli, akachoka, akaacha, na hakurudia tena. Mengine yote aliyamalizia ndege. Lakini ndege hana cha kwake. Humalizia kwa vitu alivyovisikia ndani ya nyumba, na kuvisikia nako kulikuwa na kisanduku chake: *Zoea nyumba (inapendekezwa)*. Swali lilikuwa alivisikia wapi.

Akaifungua kumbukumbu ya masikizi. Haikuwa na kufuli, kwa kuwa kufuli lilikuwa kisanduku kingine, na hicho ndicho pekee kilichokuja bila tiki.

Alimsikia mama yake.

Kwao mtu haagi dunia bila kutakana radhi na mwenziwe, na anayeomba radhi ni lazima alitaje kosa. Ukiomba kijumla, nisamehe niliyokukosea tuyajuayo na tusiyoyajua, hiyo ni ya watu wa msibani. Mke na mume hutajiana. Bi Nyamizi hakuwahi, kwa sababu mumewe alikuwa ameshafungwa ulimi. Kwa hiyo tangu siku ya maziko, kila alfajiri akimaliza kusali, alikaa kwenye mkeka mahali kilipokuwa kitanda cha mgonjwa, chini ya kioo, na akataja. Alikuwa ndani ya eda. Hatoki, hatembelewi na wengi. Alidhani yuko peke yake na maiti wake.

"Baba Kulwa, nakuomba radhi. Nilikupa dawa yote. Ulikuwa unanitazama. Nilidhani unaniambia nipe. Lakini labda ulikuwa unaniambia usinipe, nataka kuishi. Labda ulikuwa unamsubiri Doto. Nilikuogopa, na wewe labda uliniogopa. Niambie ulikuwa unasema nini."

Alfajiri iliyofuata yaleyale, na iliyofuata yaleyale, mengine yakiwa na kwikwi katikati na mengine bila. Chiriku aliyasikiliza yote kwa uvumilivu ambao hakuna sheikh wala daktari angekuwa nao. Shija aliifunga kumbukumbu. Aliona aibu hata usoni pakamchemka, aibu ya mtoto aliyesimama nyuma ya mlango wa wazazi wake.

3

"Kuna kiporo?" aliuliza mama yake nyuma yake, na Shija akashtuka.

Kilikuwepo, pilau ya arobaini, kwenye bakuli lililofunikwa. Bi Nyamizi alikaa chini, akanawa, akala. Alikula kwa pupa, akiyafinyanga matonge kwa vidole vilivyokonda, na Shija akatambua kwamba hakuwa amemwona mama yake akila tangu msiba uanze. Kuzungusha mkono kwenye sahani, ndiyo. Kula, hapana.

"Hujui, Shija," alisema. "Tangu siku ile chakula kilikuwa mchanga mdomoni. Leo nimeisikia mpaka iliki." Akachukua tonge jingine. "Kumbe alikuwa ameshasema. Mimi najiua hapa kila siku, namuuliza maiti, kumbe jibu limo ukutani linanitazama. Baba yenu naye. Si angeniambia tu mwenyewe? Lakini ndivyo alivyokuwa. Hata posa alinitumia kwa mtu wa tatu."

Alicheka kidogo, puani.

"Mama," alianza Shija. "Yale maneno."

Bi Nyamizi alimtazama. Punje moja ya wali ilikuwa imeshika kwenye kidevu chake, na macho yake yalikuwa na kitu ambacho Shija hakuwa amekiona kwa mwaka mzima wa ugonjwa ule. Alikuwa mwanamke aliyesamehewa.

"Yale maneno yamekuja mahali pake," alisema Shija.

"Yamekuja, baba. Hata Doto, mwache tu. Ana haki ya kuumia. Atapoa, maadamu baba yake amesema." Akanawa, akainuka kwa kujishika goti. "Najilaza kidogo kabla hawajaja. Usingizi umenijia, hebu niuwahi."

Pazia la chumba chake likaanguka nyuma yake. Uani Doto alikuwa bado juu ya ndoo, ameupa mlango kisogo.

4

Mambo yalikuwa matatu, na Shija aliyajua yote vizuri, maana kuyajua ndiyo ilikuwa kazi inayomlisha.

Angeweza kuitoa tiki kwenye *Endeleza*. Mguso mmoja tu. Mbele ya mwenyekiti baba yake angesema "na mke wangu", angekohoa, angekatika, na huo ungekuwa ukweli mtupu. Ukweli huo ungempeleka mama yake kituoni kabla jua halijazama, kwa kuwa ameshakiri kwa kinywa chake mwenyewe, na radhi iliyomfanya akiri isingekuwepo tena.

Angeweza kuacha kila kitu kama kilivyo. Lakini hapo sebuleni mchana hakuna aliyelia kwa sauti. Mama alijifunika, Doto alisimama, Baba mdogo akatazama chini. Laiti mmoja wao angeangua kilio, maneno yale yangehifadhiwa. Kwa kuwa waliumia kimya kimya, kama watu wenye adabu zao, Chiriku aliyatupa. Mbele ya mwenyekiti angebuni mengine, na Mungu ndiye aliyejua yapi.

La tatu lilikuwa kumpata baba aliyesamehe, kisha kulia.

Shija hakuwa mwongo kwa kazi wala kwa tabia. Alisimama pale akijiambia kwamba ni uongo, kwamba ni kumwekea maiti maneno mdomoni, na kwamba akishayafanya hayo sauti halisi ya baba yake itafutwa, ile ya kukwaruza, na hakuna wa kuirudisha. Halafu akakumbuka punje ya wali kwenye kidevu. Akapiga moyo konde, akapunguza sauti, akabonyeza.

"...Na mke wangu..." Kikohozi. "Na mke wangu atawaonyesha yalipo mapipa ya asali, yasihesabiwe na Mrisho peke yake."

Huyu hakumfaa. Akabonyeza tena.

"Na mke wangu..." Kikohozi. "Na mke wangu mtunzeni nyinyi mlio karibu. Shija msimtegemee. Shija ni mtoto wa simu. Nilimwita nikiwa bado na nguvu za kumwita, akasema mwezi ujao."

Alisikia kilio kikipanda, machozi yenyewe kabisa, ya kweli, yasiyokuwa na kazi. Akauma mdomo wa chini, akaubana mpaka akaonja damu, ili asitoe sauti na huyo baba asije akahifadhiwa. Taa ikabaki ya kijani. Alingoja pumzi irudi, akabonyeza tena.

Alipita baba aliyezungumzia bati la jikoni. Alipita baba aliyemsifu mkewe kwa mapishi na kunyamaza. Shija alikuwa akiwachagua kama mtu anayechagua kitambaa dukani, huyu rangi imezidi, huyu kapauka, na katikati ya kazi hiyo aligundua kwamba hakumbuki tena sawasawa baba yake wa kweli alivyokuwa akitamka neno "mke".

Kisha akaja.

"Na mke wangu..." Kikohozi. "Na mke wangu, macho yangu yakimwomba, aniitikie. Nampa radhi yangu leo, kabla hajanikosea, ili akinikosea awe hajanikosea. Mtu asimguse."

Alikuwa mzuri kuliko yule wa mchana. Shija akafungua mdomo alie, na kilio hakikuja. Alijaribu kulikumbuka kaburi. Alijaribu sanduku la baridi mikononi mwa Doto. Alijifinya paja. Mwishowe akatoa sauti, mlio mkavu wa mtu mzima anayejilazimisha.

"Pole," alisema Chiriku kwa upole. "Una mafua? Nikusomee habari za hali ya hewa?"

Na baba mzuri akaenda zake.

Kwa mbali mwadhini wa alasiri alikuwa ameshanyamaza zamani. Baba mdogo angekuwa sasa anavaa viatu mlangoni kwa msikiti. Shija akabonyeza kwa haraka, na kwa haraka hiyo hakusikia pazia likisogea nyuma yake.

"Na mke wangu..." Kikohozi. "Na mke wangu namwogopa. Siku ulimi ukinikatalia, nikimtazama, ajue namwambia asinipe. Mimi nataka kuishi..."

Mkono wa Shija ulikuwa umeshafika kwenye kioo.

"Usimkate," alisema Bi Nyamizi.

Alikuwa mlangoni mwa chumba, mtandio umemwanguka mabegani, ametoka usingizini kwa kuisikia sauti ya mumewe. Na Shija, fundi wa Dodoma, aliyejua kwamba pale ukutani hapakuwa na mtu, alikuwa amelelewa katika nyumba ambamo mzee akisema hakatizwi. Mkono wake ulisita. Ulisita kiasi cha sentensi mbili, na sentensi mbili zilitosha.

"...Namsubiri Doto. Akinipa dawa ile, radhi yangu hana."

Bi Nyamizi alilia. Hakulia hivyo mumewe alipokata roho, wala walipomtoa na jeneza. Ilikuwa sauti moja ndefu iliyotoka tumboni, na alipoitoa alikwenda chini pamoja nayo, akashika kizingiti.

Taa ya Chiriku ikageuka njano.

"Imekugusa," alisema. "Nimehifadhi."

Shija alibonyeza kila mahali palipobonyezeka. Aliingia kwenye mipangilio, akaenda kwenye Zaidi, kutoka Zaidi akaenda kwenye Mengine, akaitoa tiki ya *Endeleza*, akaitoa ya *Zoea nyumba*, akazitoa zote moja baada ya nyingine kama alivyofundishwa siku yake ya kwanza kazini. Zilitoka bila ubishi wowote. Wasia ukabaki na muhuri wake wa njano, mzima, haukukatika popote.

"Mama, huyu si yeye," alisema akipiga magoti. "Nisikilize. Hii ni mashine inabuni. Imekusikia wewe, alfajiri, ukiomba radhi. Maneno haya ni yako. Imeyachukua kwako ikamvika baba."

Bi Nyamizi alichukua muda kuyaelewa. Alitazama mkeka, akakitazama kioo, akatazama tena mkeka.

"Inanisikia nikiwa na Mungu wangu?"

"Ndiyo, mama."

"Na ulijua?"

Shija aliitazama taa ya njano.

"Na yale ya mchana?" aliuliza. "Yale ya radhi?"

"Hayo pia."

Alitikisa kichwa polepole, kama anayepewa habari ya mtu wa mbali.

"Yeye mwenyewe alisema nini?"

"Alisema 'na mke wangu'. Akakohoa. Basi."

"Niwekee hiyo."

"Haipo, mama."

"Niwekee hiyohiyo fupi. Nataka anavyoniita tu."

"Imefutwa," alisema Shija. "Ulipolia, ilifutwa."

Nje ya geti kulikuwa na sauti za wanaume wawili, mmoja akicheka kwa adabu, na Baba mdogo Mrisho akapiga hodi. Bi Nyamizi alivuta mtandio, akajifunika vizuri, akajipangusa uso kwa kiganja. Shija alimshika mkono. Alimwambia kwamba atamweleza mwenyekiti yote, na Doto yote, kwamba ataeleza jinsi chombo kinavyofanya kazi, wataelewa.

"Uwaeleze nini?" alisema mama yake. "Kwamba sikumpa?" Aliutoa mkono wake kwenye mkono wa mwanawe bila hasira. "Yale ya mchana yalikuwa matamu mno, Shija. Nimeishi na mtu yule, hakuwa na maneno matamu. Haya ya sasa ndiyo niliyoyaona machoni mwake."

"Ni maneno yako, mama."

"Nimeshakusikia."

Alijiinua kwa kizingiti, akavuka sebule, akaufungua mlango wa uani. Jua la alasiri lilimpiga usoni. Doto aliinua kichwa kutoka kwenye ndoo.

"Ingia, mwanangu," alisema Bi Nyamizi. "Baba yako amemaliza kusema."